Kupanga urefu wa njia ya kurukia kwa jeti binafsi na za kukodi: hesabu za uwanja wa mkoa, kwa mfano wa Arusha

Uwanja wa London City una njia ya kurukia yenye urefu wa mita 1,508. Uwanja wa Wilson, Nairobi, una njia mbili zinazokaribia urefu huohuo. Ukizitazama kwenye ramani utadhani zinafaa ndege zilezile. Lakini London City iko karibu na usawa wa bahari, tena kwenye nchi ya baridi. Wilson iko mita 1,690 juu ya bahari, na mchana wa Februari jua halina huruma. Jeti inayoondoka London City imejaa mafuta, ukiihamishia Wilson saa nane mchana na mzigo uleule, rubani wake huenda akalazimika kushusha mafuta, au abiria, au vyote viwili.

Ndiyo maana mita peke yake hazisemi kitu. Zinaanza kusema ukishajua ni ndege gani, ina uzito gani, inakwenda wapi, inaondoka saa ngapi, na hewa ya mahali hapo ni nzito au nyepesi kiasi gani. Mwongozo huu ni kwa mhandisi, meneja wa uwanja au afisa mipango wa mkoa aliyeambiwa na wakubwa kwamba "tunataka jeti zitue hapa" na sasa anatakiwa kuleta tarakimu.

Mfano wangu ni Uwanja wa Ndege wa Arusha, pale Kisongo. Uko mita 1,387 hivi juu ya bahari, na njia yake ilirefushwa kutoka mita 1,620 hadi 1,834. Kilomita 50 hivi mashariki yake upo uwanja wa Kilimanjaro, KIA, wenye njia ya mita 3,600 kwenye mwinuko wa mita 894. Jirani huyo ataingia kwenye hesabu zetu, tupende tusipende.

Hatua ya 1: Orodhesha safari kwanza, ndege baadaye

Kwenye kikao cha kwanza hakosekani mtu wa kutaja ndege kubwa kuliko zote alizowahi kuziona. Andika jina lake, kisha rudi kwenye swali la msingi: watu watakaopanda jeti hapa wanatoka wapi na wanakwenda wapi?

Kwa Arusha majibu yanajulikana. Wapo watalii wanaounganisha mbuga na Zanzibar, safari ya kilomita zaidi ya 400 kidogo. Wapo wa mikutano na mahakama wanaokwenda Nairobi, kilomita 240 hivi. Wapo wa Johannesburg, karibu kilomita 2,700, na wa Dubai, karibu 3,800. Na wapo wagonjwa. Ndege ya wagonjwa haichagui saa. Ikiitwa mchana wa jua kali inakuja mchana, ikiitwa usiku wa mvua inakuja usiku. Mimi ningeiweka juu ya orodha, hata kama kwa mwaka inakuja mara chache kuliko ndege za watalii, kwa sababu hiyo ndiyo safari ambayo kuahirishwa kwake kunaua.

Pitia kumbukumbu za mnara wa kuongozea ndege za miaka michache iliyopita. Zungumza na kampuni za kukodisha ndege za Arusha, Dar es Salaam na Wilson, na uwaulize mambo mawili: aina gani ya jeti mmeleta, na aina gani mlitaka kuleta mkaishia KIA. Jibu la pili lina thamani kubwa zaidi, kwa kuwa halimo kwenye kumbukumbu zozote za uwanja wako.

Ukishapata majina, tafuta urefu wa kurukia uliotangazwa na watengenezaji. Hizi ni baadhi ya zinazojulikana:

- Pilatus PC-24: mita 893
- Embraer Phenom 300E: mita 978
- Cessna Citation Latitude: mita 1,091
- Bombardier Challenger 350: mita 1,474
- Gulfstream G650: mita 1,786
- Bombardier Global 6000: mita 1,974

Usizibebe tarakimu hizi hadi kwa waziri. Zote ni za usawa wa bahari, nyuzi joto 15, njia kavu na tambarare, hewa iliyotulia, ndege ikiwa na uzito wake wa juu kabisa. Tanzania haina siku ya namna hiyo, na Arusha ndiyo kabisa.

Hatua ya 2: Kusanya tarakimu tatu za mahali

Ya kwanza ni mwinuko wa uwanja, uliopimwa na mpima ardhi na si kuchukuliwa kwenye simu.

Ya pili ni joto rejea. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, linalieleza hivi: chukua mwezi wenye joto kuliko yote mwakani, tafuta wastani wa joto la juu la kila siku katika mwezi huo, kisha wastani wa miaka kadhaa. Takwimu ziombe Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Usitumie wastani wa joto la mwaka mzima. Huo unachanganya usiku na mchana, Julai na Februari, na utakupa njia fupi inayotosha ndege zinazoondoka alfajiri tu.

Ya tatu ni mteremko: tofauti kati ya sehemu ya juu kabisa na ya chini kabisa ya mstari wa katikati, ukigawa kwa urefu wa njia. Kwa njia za mita 1,200 na kuendelea, ICAO hutaka mteremko huo wa jumla usizidi asilimia 1.

Hatua ya 3: Fanya hesabu ya haraka

Utaratibu wa ICAO wa kusahihisha urefu unaenda hivi. Ongeza asilimia 7 kwa kila mita 300 za mwinuko. Kwenye jibu, ongeza asilimia 1 kwa kila nyuzi moja ambayo joto rejea limezidi joto la kawaida la mwinuko huo. Kisha ongeza asilimia 10 kwa kila asilimia 1 ya mteremko.

Joto la kawaida la usawa wa bahari ni nyuzi 15, na hupungua nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Kwa mita 1,387 linabaki nyuzi 6 tu. Tuchukue kwa ajili ya mfano joto rejea la nyuzi 28 na mteremko wa asilimia 0.5, na ndege iwe Citation Latitude:

- Mwinuko: 1,387 gawanya kwa 300 ni 4.62, mara 7 ni asilimia 32.4. Mita 1,091 zinakuwa 1,444.
- Joto: 28 toa 6 ni 22, yaani asilimia 22. Mita 1,444 zinakuwa 1,762.
- Mteremko: nusu asilimia inaongeza asilimia 5. Mita 1,762 zinakuwa 1,850.

Ndege ambayo kwenye karatasi ya mauzo ilihitaji mita 1,091 sasa inataka 1,850. Ukiipeleka Zanzibar kwenye joto la nyuzi 32, kabla ya mteremko ingehitaji karibu mita 1,276. Ukitaka kumweleza mtu asiye mhandisi, mwambie kwamba siku hiyo ya nyuzi 28 hewa ya Kisongo ni nyepesi kama hewa ya futi 7,200 hivi katika hali ya kawaida, ingawa uwanja wenyewe uko futi 4,550. Injini inavuta hewa kidogo, bawa linabebwa na hewa kidogo, na ndege inalazimika kukimbia kwa kasi kubwa zaidi ya kweli kabla haijanyanyuka.

Sasa tazama sharti ambalo wengi hulipita. ICAO inasema kwamba masahihisho ya mwinuko na joto yakizidi asilimia 35 kwa pamoja, utafiti maalumu ufanyike. Hapa yamefika asilimia 61. Kwa viwanja vyetu vingi vya nyanda za juu, basi, hesabu hii ya haraka ni kipimo cha kujua ukubwa wa tatizo tu. Inafaa kwenye wasilisho la mwanzo. Haifai kwenye mkataba wa ujenzi.

Wamarekani wana njia nyingine, ya waraka wa mamlaka yao ya anga, FAA, wa mwaka 2005 namba 150/5325-4B. Wanatumia michoro ya makundi: asilimia 75 ya jeti zilizopo au asilimia 100, zikiwa na asilimia 60 ya mzigo unaowezekana au asilimia 90. Ninachokipenda humo ni kwamba inakulazimisha useme wazi tangu mwanzo kwamba hujengi kwa ajili ya kila ndege iliyojaa hadi juu. Chukua nidhamu hiyo. Michoro yenyewe imejengwa juu ya ndege zinazoruka kwao, kwa hiyo itumie kulinganisha tu.

Hatua ya 4: Ingia kwenye kitabu cha ndege

Hapa usiwe na haraka. Waombe waendeshaji wa ndege ulioongea nao wakufanyie hesabu kutoka kwenye kitabu rasmi cha ndege zao, kwa mwinuko wako, joto lako na mteremko wako. Wengi watakubali, maana wana maslahi. Waombe kwa kila safari ya hatua ya 1, si kwa uzito wa juu peke yake, na wakuletee majibu matatu.

La kwanza ni urefu unaotakiwa injini moja ikifa. Rubani wa jeti ana kasi moja ya uamuzi. Injini ikifa kabla ya kasi hiyo, anafunga breki na lazima asimame ndani ya njia. Ikifa baada yake, anaendelea na injini iliyobaki, na lazima apite mwisho akiwa futi 35 juu kwenye njia kavu. Urefu ambao masharti yote mawili yanatimia ndio unaohesabika. Mtu anayekuambia "mbona ile ndege iliruka ikatumia nusu ya njia" ameona siku ambayo injini zote mbili zilikuwa nzima.

La pili ni uzito ambao ndege inaweza kupanda nao. Jeti ya injini mbili, injini moja ikiwa imekufa na magurudumu yamekunjwa, lazima iweze kupanda kwa asilimia 2.4 angalau. Kwenye mwinuko na joto, uwezo huo unapungua haraka, na hauna uhusiano na urefu wa lami yako. Nalisisitiza hili kwa sababu pesa nyingi za umma zinaweza kuzikwa hapa. Ikiwa kitabu kinasema kwamba kwa nyuzi 28 ndege fulani inazuiwa na uwezo wa kupanda kabla haijazuiwa na urefu, basi kuiongezea mita 300 za lami hakumpi mwenye ndege hiyo faida ya maana. Uliza kila mara: kinachozuia hapa ni urefu, ni kupanda, ni kasi ya mwisho ya tairi, au ni breki? Refusha njia pale tu jibu linapokuwa ni urefu.

La tatu ni uzito halisi wa safari. Kwa makadirio, urefu wa kurukia hubadilika karibu na mraba wa uzito. Ukipunguza uzito kwa asilimia 10, urefu unashuka kwa asilimia 19 hivi. Ile Latitude ya mita 1,850 ikiondoka na mafuta ya kufika Zanzibar na akiba, badala ya matangi kujaa, inaweza kushuka hadi mita 1,500 au chini yake. Ndege ileile, mchana uleule, lakini safari mbili zinazotaka viwanja viwili tofauti. Ya Dubai inataka matangi karibu yajae. Ya Zanzibar haina shida.

Weka majibu yote kwenye jedwali moja: ndege upande mmoja, safari upande mwingine, na katikati urefu unaotakiwa saa moja asubuhi na saa nane mchana. Ukilitazama jedwali hilo utaona mwenyewe mahali ambapo mita mia mbili zinafungua safari nyingi na mahali ambapo mita mia tano hazifungui chochote.

Hatua ya 5: Angalia kutua, hasa kwenye mvua

Kwenye nyanda za juu kuruka ndiko hutawala, lakini mvua za masika zinaweza kugeuza mambo. Kanuni za safari za kulipia hutaka jeti iweze kusimama ndani ya asilimia 60 ya urefu wa kutulia uliopo, na njia ikiwa na maji inaongezwa asilimia 15. Ndege ambayo kitabu chake kinasema itatumia mita 800 kwa mwinuko wako inahitaji mita 1,333 kwenye njia kavu na 1,533 kwenye njia yenye maji. Mwenye ndege anayesafiri mwenyewe bila kutoza nauli mara nyingi ana kanuni nyepesi zaidi. Usipange kwa kumtegemea yeye.

Angalia pia kama mwanzo wa kutulia umesogezwa ndani kwa sababu ya miti, nguzo au majengo. Kila mita iliyosogezwa imetoka kwenye urefu wa kutulia, hata kama lami ipo. Wakati mwingine kukata miti na kulaza nyaya za umeme chini ya ardhi kunarudisha mita mia moja kwa gharama ndogo kuliko kumwaga lami mpya.

Hatua ya 6: Tazama milima

Mlima Meru wenye mita zaidi ya 4,560 uko kaskazini ya Arusha. Njia inaelekea mashariki na magharibi, kwa hiyo ndege haziulengi mlima, lakini njia ya kutokea ya ndege iliyobaki na injini moja nzima lazima ichorwe kwa makini, pamoja na pale itakapokata kona. Kitabu kinapotoa asilimia ya kupanda, kanuni zinakata asilimia 0.8 kwa ndege ya injini mbili, na mstari unaobaki lazima upite futi 35 juu ya kila kizuizi. Mnara wa simu uliojengwa bila kuuliza, kilomita mbili kutoka mwisho wa njia, unaweza kupunguza uzito wa ndege kuliko ambavyo lami fupi ingepunguza. Pima vizuizi vyote upya, na umkabidhi afisa ardhi wa wilaya ramani ya maeneo yasiyoruhusiwa majengo marefu kabla hujaanza kuomba fedha.

Hatua ya 7: Hesabu ardhi, si lami

Hapa ndipo mipango mingi hukwama. Baada ya mwisho wa lami kunatakiwa mita 60 za ukanda uliosawazishwa. Baada ya hizo kunatakiwa eneo la usalama la mwisho wa njia: mita 90 ni lazima kwa njia za urefu huu, na mita 240 ndizo zinazopendekezwa. Hiyo ni kila upande. Kwa lami ya mita 1,850 unahitaji mita 2,450 za ardhi ukifuata pendekezo, au 2,150 ukibaki kwenye kiwango cha chini. Mtu aliyepima kiwanja cha mita 2,000 akidhani amejiachia nafasi ameshindwa kabla ya kuanza.

Ningegombania mita 240. Ndege ikipita mwisho wa njia, tofauti kati ya kuhesabu hasara ya tairi na kuhesabu maiti mara nyingi ni hizo mita za udongo uliosawazishwa. Pale ambapo ardhi haipo kabisa, kuna vitanda vya saruji laini vinavyovunjika chini ya magurudumu na kuisimamisha ndege ndani ya umbali mfupi. Ni ghali, lakini vimethibitika.

Nunua ardhi ya awamu ya pili sasa, hata kama lami yake itajengwa baada ya miaka kumi. Wananchi walioko pembeni walipwe fidia yao kwa haki na kwa wakati. Tathmini ya mazingira ya NEMC, baraza la taifa la mazingira, ianze mapema pia, kwa maana kelele za jeti ni suala la kweli kwa shule na zahanati zilizo chini ya njia ya kuondokea.

Hatua ya 8: Lami ibebe uzito

Kwa ufupi: Latitude ina uzito wa juu wa kilo 13,971, Challenger 350 kilo 18,416, na G650 kilo 45,178. Jeti hizi zina magurudumu madogo yenye shinikizo kubwa la tairi, kwa hiyo usilinganishe uzito peke yake na ndege za propela mlizozizoea. Tangu Novemba 2024, kueleza jinsi ndege inavyoilemea lami na lami inavyoweza kubeba, ICAO inatumia mfumo wa ACR (upande wa ndege) na PCR (upande wa lami) badala ya ACN na PCN. Mkandarasi akikuletea ripoti yenye mfumo wa zamani, irudishe.

Hatua ya 9: Amua, kisha tangaza

Kwa jedwali la hatua ya 4 mkononi, jiulize kama uwanja wa jirani unaweza kufanya kazi ambayo wako ungeifanya kwa gharama kubwa. Kwa Arusha maoni yangu ni wazi. G650 na Global 6000 zinazokwenda mabara mengine mahali pake ni KIA, ambako lami ya mita 3,600 ipo tayari, kwenye mwinuko mdogo zaidi. Jeti nyepesi na za kati, safari za Zanzibar, Nairobi na Dar es Salaam, na ndege za wagonjwa, hizo ndizo za kuhudumiwa Kisongo. Mwenye Latitude anayekwenda Dubai ana chaguo tatu: aondoke alfajiri, aruke na mafuta kidogo akajaze KIA, au ashukie KIA tangu mwanzo. Mkoa usio na jirani wa aina hiyo utafikia uamuzi tofauti, na una haki.

Ukishaamua, peleka kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, urefu wa aina nne kwa kila upande wa njia. TORA ni lami ya kukimbilia. TODA ni hiyo pamoja na eneo lisilo na vizuizi mbele yake. ASDA ni lami pamoja na kipande cha kusimamia. LDA ni urefu wa kutulia. Zinaweza kuwa tarakimu nne tofauti kwenye lami moja, na rubani anapanga kwa hizo, si kwa urefu ulioandikwa kwenye bango la uzinduzi. Hakikisha zinalingana na vipimo vya mwisho vya mpima ardhi, zimechapishwa kwenye kitabu cha taarifa za anga kabla ya ndege ya kwanza kuja, na kwamba kila kipande cha njia kitakachofungwa wakati wa ujenzi kimetolewa tangazo lake kwa marubani pamoja na urefu mfupi wa muda, kwa mita, kwa kila upande.